Flokati

Flokati (kwa Kigiriki: φλοκάτη; wingi: *flokates*) ni zulia zito la sufu lenye manyoya marefu, linalofumwa kwa mkono nchini Ugiriki. Asili yake ni jamii za wafugaji wa milima ya Pindos, hususan Wavlaki. Zulia lote ni la sufu: nyuzi za msingi, nyuzi zinazokingama, na manyoya yanayoonekana juu.

Flokati likitoka kwenye mtambo wa kufumia huwa bado halijakamilika. Hutumbukizwa kwenye pipa kubwa la mbao ambamo maji ya mto huanguka kwa nguvu na kulizungusha kwa saa nyingi. Maji hayo ndiyo yanayofungua nyuzi ziwe manyoya laini, na ndiyo yanayokaza msingi wa zulia. Tabia ileile ya sufu inayowezesha kazi hiyo ndiyo pia inayoweza kuliharibu zulia nyumbani likioshwa vibaya. Kwa hiyo matunzo ya flokati hufuata jinsi lilivyotengenezwa.

## Jina

Neno *flokati* lina asili ya Kilatini *floccus*, maana yake kishungi cha sufu. Linahusiana na Kiaromania, lugha ya Wavlaki, ambayo imetokana na Kilatini na ina undugu wa karibu na Kiromania. Neno lingine la jamii hiyo, *flokata*, lilikuwa jina la koti zito la sufu lililovaliwa na wachungaji.

Flokati si sawa na vitambaa vingine vinavyofumwa Ugiriki. *Kilimi* ni zulia bapa lisilo na manyoya, na jina lake limetoka Kituruki. *Velentza* ni blanketi zito la sufu, ambalo nalo hupitishwa kwenye maji. *Kourelou* ni busati linalofumwa kwa vipande vya nguo kuukuu.

## Historia

Milima ya Pindos inaanzia karibu na mpaka wa Albania na kuelekea kusini, ikitenganisha maeneo ya Epirus na Thessalia. Wavlaki wengi wa huko walikuwa wafugaji wa kuhamahama kwa majira. Wakati wa kiangazi walikaa katika vijiji vya juu kama Samarina, kilichopo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Baridi ilipokaribia waliteremka na kondoo zao hadi nyanda za Thessalia, kisha wakapanda tena majani yalipochipua. Waingereza Alan Wace na Maurice Thompson walieleza maisha ya watu wa Samarina katika kitabu chao *The Nomads of the Balkans* kilichotolewa mwaka 1914. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza desturi ya kuhamisha mifugo kwa majira, kwa niaba ya Ugiriki, Italia na Austria, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Katika maisha ya namna hiyo zulia la sufu lilikuwa chombo cha lazima. Lilitandikwa chini, lilifunikwa kama blanketi usiku, na siku ya safari lilikunjwa na kupakiwa juu ya nyumbu. Halikuvunjika njiani, na malighafi yake ilipatikana kila mwaka kutoka kwa mifugo ya familia yenyewe.

Kazi ya kusokota na kufuma ilikuwa hasa ya wanawake. Msichana alianza mapema kuandaa vitambaa vyake vya ndoa pamoja na mama yake. Katika Ugiriki ya zamani mali ya ndoa ilitoka upande wa bibi arusi, tofauti na mahari inayotolewa na mwanamume. Mali hiyo iliitwa *proika*, na mazulia na mablanketi ya sufu yalikuwa sehemu yake muhimu. Nyumbani yalipangwa juu ya mengine kwa rundo refu lililoitwa *giukos*, ambalo mgeni aliweza kuliona na kukadiria bidii na uwezo wa familia. Sheria ya Ugiriki iliondoa taasisi ya *proika* mwaka 1983.

Katika karne ya 20 vita na uhamiaji wa kwenda mijini vilipunguza idadi ya wafugaji wa milimani. Zipo juhudi zilizofanywa kuokoa ufundi wao. Katika mji wa Metsovo, ulio kwenye Pindos, wakfu wa Baron Michael Tositsas ulianzishwa mwaka 1947 na kusaidia kazi za mikono za eneo hilo. Jumba la familia ya Tositsas limekuwa makumbusho ya sanaa za jadi, ambamo vitambaa vya sufu huonyeshwa katika vyumba vilivyopambwa kama zamani.

Katika miaka ya 1960 na 1970 flokati likawa fasheni katika nyumba za Ulaya na Amerika Kaskazini. Mahitaji yaliongezeka, na bidhaa za kuiga zikaongezeka pia.

## Masharti ya mwaka 1966

Mwaka 1966 serikali ya Ugiriki iliweka masharti ambayo zulia lilipaswa kuyatimiza ili liitwe flokati:

* liwe limefumwa kwa mkono nchini Ugiriki;
* nyuzi za mtande, za mshindio na za manyoya ziwe za sufu kwa asilimia 100;
* uzito wake wote usipungue gramu 1,800 kwa kila mita mraba;
* liwe limepitishwa kwenye msuguano wa maji hadi manyoya yake yafunguke na kufura.

Sharti la mwisho linaonyesha kwamba maji yalihesabiwa kuwa sehemu ya ufundi wenyewe, sawa na mkono wa mfumaji.

## Utengenezaji

### Kuandaa sufu

Kondoo hukatwa sufu mara moja kwa mwaka, hasa katika majira ya kuchipua, kabla ya joto kali. Kondoo wa asili wa milima ya Ugiriki hutoa sufu ndefu na nzito kiasi. Sufu ya aina hiyo haifai sana kwa nguo laini za ndani, lakini inafaa kwa zulia kwa sababu haivunjiki upesi na hurudi juu baada ya kukanyagwa. Siku hizi watengenezaji wengi hutumia pia sufu kutoka New Zealand, ambayo hupatikana kwa wingi na ni nyeupe zaidi.

Sufu mbichi ina vumbi, majani, jasho la mnyama na mafuta yanayoitwa lanolini. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa sana, huanikwa, kisha huchambuliwa kwa vidole. Baada ya hapo huchanwa kwa vibao viwili vyenye meno ya chuma ili nyuzi zielekee upande mmoja.

### Kusokota

Kwa njia ya jadi, msokotaji hushika fimbo yenye fungu la sufu, huvuta sufu kidogokidogo na kuisokota kwa kijiti kinachozunguka kikiwa kimening'inia. Kazi hii ilifanywa hata njiani, wanawake wakitembea nyuma ya mifugo.

Flokati huhitaji nyuzi za aina mbili. Nyuzi za msingi husokotwa kwa kukazwa ili ziwe imara. Nyuzi za manyoya huwa nene na husokotwa kwa kulegea. Ulegevu huo ni wa makusudi, kwani uzi uliokazwa sana hauwezi kufunguka baadaye ndani ya maji.

### Kufuma

Nyuzi za mtande hutandazwa kwenye mtambo wa mbao kwa urefu wa zulia. Nyuzi za mshindio hupitishwa kwa kukingama, juu na chini ya zile za mtande. Baada ya kila mistari michache, mfumaji huzungusha vipande vya uzi mnene kwenye nyuzi za mtande na kuacha ncha zake zining'inie. Kisha hupitisha mshindio tena na kuugonga kwa chanuo zito ili kila kipande kibanwe mahali pake.

Mitambo ya nyumbani ilikuwa myembamba. Kwa hiyo zulia pana lilifumwa kwa vipande virefu viwili au vitatu, ambavyo viliunganishwa kwa sindano. Katika mazulia ya zamani mishono hiyo huonekana vizuri upande wa nyuma.

Katika hatua hii zulia lina sura ya vikamba vingi vilivyoning'inia. Bado halina ulaini unaojulikana.

### Maji

Hatua ya maji huitwa *nerotrivi*, neno la Kigiriki linalounganisha maji na msuguano. Chombo chake huitwa *ntristela*. Ni pipa la mbao lenye umbo la koni, pana juu na jembamba chini, ambalo huchimbiwa ardhini kando ya kijito. Mbao zake huachiwa nafasi ndogo ili maji yatoke. Mfereji wenye mteremko mkali huleta maji kutoka juu, nao huwa mwembamba mwishoni ili maji yaongeze kasi. Maji yakipiga upande wa pipa hufanya mzunguko wa nguvu, na mazulia yaliyomo huzunguka na kujipindua bila kuguswa na mtu. Kazi hii haihitaji injini. Inachohitaji ni kijito chenye maji ya kutosha na mteremko.

Kinachotokea ndani ya pipa kinatokana na umbile la sufu. Kila unywele wa sufu umeundwa kwa protini iitwayo keratini, na juu yake una magamba madogo yanayoelekea upande wa ncha, kama vigae vya paa. Sufu ikiwa imelowa na kusukwasukwa, nywele husogea na magamba hunasana. Zikinasana haziachani tena kwa urahisi. Kwa njia hiyo msingi wa zulia husinyaa kidogo na kukaza, na mashina ya manyoya hushikwa imara zaidi kuliko yalivyoshikwa na ufumaji peke yake.

Ncha za manyoya ziko huru, hivyo mzunguko wa maji huzifungua msokoto. Uzi mnene hugeuka kuwa kishungi cha nywele nyingi, kinene shinani na chembamba nchani. Muda wa kazi hii hutegemea nguvu ya maji na unene wa zulia, na fundi ndiye anayeamua lini linatosha. Likitolewa mapema, manyoya hubaki kama kamba. Likiachwa kupita kiasi, manyoya nayo huanza kunasana na kufanya mabonge.

Baadaye zulia huanikwa juani na kwenye upepo. Zulia lililolowa ni zito mno, kwa hiyo huinuliwa na watu kadhaa.

### Rangi

Rangi ya kawaida ya flokati ni nyeupe iliyofifia, yaani rangi ya sufu yenyewe. Sufu ya kondoo weusi na wa kahawia hutumika pia bila kutiwa rangi. Zamani rangi nyekundu ilipatikana kwa mizizi ya mmea wa jenasi *Rubia*, kahawia kwa maganda ya jozi, na manjano kwa maganda ya vitunguu. Sufu ilichemshwa kwanza pamoja na shabu ili rangi ishike. Siku hizi hutumika zaidi rangi za viwandani.

## Kutambua flokati halisi

Mazulia mengi yenye manyoya marefu huuzwa kwa jina la flokati ingawa yametengenezwa kwa akriliki au poliesta. Dalili zifuatazo husaidia kuyatofautisha:

* Upande wa nyuma. Flokati halisi lina msingi wa sufu uliofumwa, na mistari ya nyuzi huonekana. Zulia la kuiga mara nyingi lina gundi au mpira nyuma.
* Ncha za manyoya. Manyoya yaliyofunguliwa na maji huwa membamba nchani. Manyoya ya mashine huwa na unene uleule hadi mwisho, kama yaliyokatwa kwa mkasi.
* Uzito. Kwa kipimo cha gramu 1,800, zulia la mita 2 kwa mita 3 lina uzito usiopungua kilogramu 10.8. Zulia jepesi sana la ukubwa huo halijatimiza sharti.
* Moto. Unywele mmoja wa sufu uliong'olewa na kuchomwa hutoa harufu ya nywele zinazoungua, hauendelei kuwaka ukiondolewa motoni, na majivu yake husagika kwa vidole. Nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu.

## Matunzo

### Usafi wa kawaida

Zulia jipya hupukutisha nywele kwa muda. Hizo ni nywele fupi ambazo hazikunaswa wakati wa kazi ya maji, na kupukutika hupungua polepole.

Njia bora ya kutoa vumbi ni kulikung'uta zulia nje. Likiwa kubwa, linaweza kutundikwa juu ya ukuta au kamba imara na kupigwa upande wa nyuma. Mashine ya kufyonza vumbi inaweza kutumika, lakini bila brashi inayozunguka, kwa sababu brashi hiyo huzonga manyoya na kuyang'oa. Inafaa pia kufyonza upande wa nyuma, kwa kuwa mchanga hushuka hadi shinani na kukata nyuzi kila zulia linapokanyagwa.

Manyoya yaliyolala huinuliwa kwa vidole au kwa chanuo lenye meno mapana. Zulia likigeuzwa mwelekeo kila baada ya miezi michache, halichakai upande mmoja tu.

### Madoa

Kimiminika kilichomwagika kinafaa kunyonywa mara moja kwa kitambaa kikavu kwa kubonyeza. Kusugua hakufai, kwa sababu sufu iliyolowa ikisuguliwa hunasana na kuacha bonge ambalo halifunguki. Lanolini iliyobaki kwenye sufu hukinza maji kwa muda mfupi, hivyo anayewahi mara nyingi huliokoa zulia. Kinachobaki huondolewa kwa maji baridi na sabuni kidogo isiyo kali. Dawa zenye klorini hazifai kabisa, kwani huyeyusha keratini na kuifanya sufu iwe ya manjano.

### Kuosha

Katika vijiji vya milimani watu walirudisha mazulia na mablanketi yao kwenye *ntristela* wakati wa kiangazi, na mahali pengine wanafanya hivyo hadi leo. Maji baridi yenye mzunguko huondoa uchafu na kuyafufua manyoya bila sabuni nyingi.

Nyumbani, zulia dogo linaweza kuoshwa ndani ya beseni kubwa au bafu kwa maji baridi na sabuni ya sufu. Hubonyezwa taratibu, halisuguliwi wala halikamuliwi kwa kusokotwa. Husuuzwa kwa maji yenye baridi ileile hadi sabuni iishe. Maji ya moto, sabuni kali na mashine ya kukaushia kwa joto huongeza nguvu ya magamba kunasana. Matokeo yake ni zulia lililosinyaa na kuwa gumu, na hakuna njia ya kulirudisha.

Zulia huanikwa mahali penye hewa, likiwa limelazwa juu ya kitu kinachopitisha maji, na hukung'utwa likiwa bado na unyevu kidogo ili manyoya yatengane. Jua la muda mfupi halina madhara, lakini jua kali la siku nyingi hugeuza sufu nyeupe kuwa ya manjano na kufifisha rangi. Msingi wa zulia hukauka mwisho. Likirudishwa sakafuni kabla ya hapo linaweza kuota ukungu.

### Nondo na wadudu wengine

Adui mkubwa wa sufu ni nondo wa nguo (*Tineola bisselliella*). Nondo mzima hali sufu. Wanaokula ni viwavi wake, ambao wana uwezo wa kumeng'enya keratini. Hupenda mahali penye giza na pasipoguswa, kama vile chini ya kabati, na huvutiwa zaidi na sufu yenye jasho au mabaki ya chakula. Mende wadogo wa jenasi *Anthrenus* hufanya uharibifu unaofanana na huo.

Kinga ya kwanza ni zulia kutumika, kukung'utwa na kuona mwanga. Dalili za wadudu ni mabaka yaliyopungua manyoya, vifuko vidogo vya hariri na chembe kama mchanga. Zulia dogo lenye wadudu linaweza kufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa ndani ya friza ya nyumbani, kwa nyuzijoto -18 za selsiasi, kwa wiki mbili. Baadaye huachwa lipoe baridi ndani ya mfuko kabla ya kufunguliwa, ili unyevu usishike kwenye sufu.

### Kuhifadhi

Zulia linalowekwa kwa muda mrefu linapaswa kuwa safi na kavu kabisa. Kuviringisha ni bora kuliko kukunja, kwa sababu mikunjo huvunja nyuzi za msingi. Hufungwa kwa shuka la pamba. Karafuu maiti na majani yenye harufu kali husaidia kuwafukuza nondo, lakini haviui viwavi waliokwisha kuingia, hivyo zulia hukaguliwa mara kwa mara.

## Hali ya sasa

Flokati bado hutengenezwa Ugiriki, hasa katika Thessalia na maeneo jirani, ingawa karakana nyingi hutumia sufu iliyosokotwa kwa mashine. Katika vijiji vingi *ntristela* zilikufa pamoja na vinu vya maji, umeme ulipofika na watu walipohama. Baadhi zimekarabatiwa. Makumbusho ya wazi ya nguvu za maji huko Dimitsana, katika rasi ya Peloponesi, yaliyofunguliwa mwaka 1997, huonyesha pipa la aina hiyo likifanya kazi pamoja na kinu cha nafaka na kinu cha baruti.

Ufundi huu hutegemea mambo matatu kwa pamoja: kondoo, mfumaji na kijito. Sufu inaweza kuagizwa kutoka nje na ufumaji unaweza kufundishwa darasani. Kijito kikikauka au mfereji ukiachwa ubomoke, hatua inayolipa flokati sura yake hulazimika kufanywa kiwandani, na kijiji hupoteza pia mahali pa kuoshea mazulia yake ya zamani.